Bahasha Iliyochelewa

3 Februari

Mpwa wangu Mdadisi,

Salamu tele kutoka kwenye harufu ya gundi. Mimi mzima, ila goti limeamua kuzeeka kabla yangu. Wewe je? Na hao wagonjwa wa macho hapo kliniki, bado wanakuuliza mlango uko wapi huku wameshika kitasa?

Maktaba wameniletea riwaya kumi na moja zilizochakaa nizijalidi upya. Unanijua: hakuna kitabu kinachopita kwenye sindano yangu bila kusomwa, na kilichofika kwanza ndicho kinachoshonwa kwanza. Miaka arobaini sijavunja foleni hiyo, hata mkutubi mkuu alipokuja kunibembeleza na soda.

Ya kwanza inahusu mpishi wa gereza anayempikia mtu aliyemuua ndugu yake. Kurasa mia tatu unangoja atie sumu. Hatii. Siku ya mwisho anaongeza chumvi, kwa sababu mfungwa alilalamika kuwa mchuzi haukukolea. Basi. Nilikifunga, nikakaa na uzi mkononi, kazi imenishinda. Huyo mwandishi namvulia kofia.

Ya pili ni ya mapenzi. Wanalia hao! Kurasa zilikuwa zimevimba, nikadhani ni machozi yao, kumbe dirisha la maktaba linavuja. Lakini humo humo kuna mzee anayejifunza kusoma akiwa na miaka sabini ili asome barua alizoachiwa na marehemu mkewe, na barua ya kwanza ni orodha ya vitu vya dukani. Kwa ajili ya sura hiyo moja nimewasamehe wote kilio chao.

Ya tatu ya upelelezi. Muuaji nilimjua ukurasa wa arobaini, alikuwa mpole kupita kiasi. Hata hivyo nilisoma hadi mwisho, maana mwandishi anajua watu wanavyodanganya.

Niandikie unasoma nini.

Mjomba wako

17 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inaendelea. Jana bibi mmoja alipimwa miwani, akanitazama, akasema, "Kumbe wewe ni msichana." Miezi minne ananiita baba.

Ile ya mpishi nimeiazima nikaimaliza kwa siku mbili. Umesema kweli tupu. Ila wewe umeguswa na chumvi, mimi nimeguswa na pale anapoonja kwanza mwenyewe. Mtu unaonjaje chakula cha adui yako? Nilibaki na swali hilo kwenye kaunta hadi foleni ikaanza kunung'unika.

Sasa nina ombi. Kuna rafiki yangu wa hapa kazini ameandika riwaya. Wachapishaji wawili wameirudisha bila hata neno la pole. Amesema atampa msomaji mmoja tu wa mwisho, na huyo akisema haifai, anaifungia sandukuni na kalamu hatashika tena. Nilimwambia ninaye msomaji asiyejua kupaka mafuta. Unisamehe, nimekutaja.

Naituma kwa bahasha nne, moja moja, kadiri anavyoichapa wakati wa mapumziko. Mashine ya ofisi haitoi namba za kurasa, na sura hazina vichwa. Isome, na ukiona inafaa ishone iwe kitabu. Ukiona haifai sema wazi, nitamfikishia.

Mpwa wako

28 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Goti limepoa. Najua umeanza kuninung'unikia kwa ukimya, lakini walaumu posta. Bahasha tatu zilifika wiki moja, zikifuatana kama bata. Ya nne ikapotelea huko wanakojua wao, ikaja baada ya mwezi, kona imechanika.

Mwambie rafiki yako asifungie kitu sandukuni. Hiki ni kitabu. Nasema hivyo mimi, ambaye nimesoma vibaya vingi kuliko umri wake.

Kwanza, ujasiri wa kuanzia. Tunamkuta mama cherehani iko mbio, anashona sare za shule, binti mkubwa tayari, na hakuna anayekutambulisha kwa mtu. Mwandishi mwoga angeanza na utoto, lini alizaliwa, nani alimbeba. Huyu amekusukuma ndani, ukajijue mwenyewe. Kasoro ninayo moja: yule daktari anaongea kama mtangazaji wa redio. Ampunguzie maneno.

Kisha ugonjwa, kisha siku zile za mwisho. Mama anauliza kila asubuhi kama kaka yake amefika, na wanamwekea kaka mtu kiti mlangoni. Hafiki. Mama anakufa, kiti kiko pale. Mwandishi hakumtukana huyo kaka hata kidogo, na ndiyo maana inauma. Nilisoma bahasha tatu hizo mara mbili, nikadhani hadithi imeishia hapo kwenye kiti, na moyo wangu ukaishia hapo nao.

Halafu ikaja ya nne. Mama yuko hai! Binti ana miaka saba, anafundishwa baiskeli. Mama anakimbia nyuma ameshika tandiko, anamwambia, "Usigeuke, mimi nipo." Na neno la mwisho la kitabu kizima ni hilo, nipo. Baada ya msiba, anakurudishia mtu wako. Sijawahi kuona mwisho kama huo. Nimelia, na sioni haya kukuambia.

Nimekishona kwa uzi wa kitani, jalada la bluu. Jambo moja tu nimuulize rafiki yako. Yule mama hupuliza maji baridi kabla ya kuyanywa, kama chai. Duniani nimemjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo.

Mjomba wako

6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma kwenye kaunta, nikaomba ruhusa nikaenda kukaa stoo kati ya makasha ya fremu za miwani.

Hakuna rafiki. Ni mimi. Na yule mama ni mama, ulishajua. Miaka mitatu tangu atutoke nimekuwa nikimwandika, na miaka mitatu nimekuwa nikiogopa ufike kwenye kile kiti ujione. Nilitaka maoni yako kuliko ya mchapishaji yeyote, na nilijua nikikuambia ni changu utanihurumia au utakasirika. Kwa hiyo nikakudanganya. Nisamehe.

Kuna jingine, na sijui nilisemeje. Bahasha iliyochelewa haikuwa ya nne, ilikuwa ya kwanza. Kitabu changu kinaanza na baiskeli na kinaishia kwenye kiti. Mwandishi mwoga aliyeanza na utoto ndiye mimi, Mjomba.

Nilicheka, kisha nikalia, na sasa sijui kipi ndicho kitabu changu. Tafadhali kifumue. Kisome kwa mpangilio wangu, kisha uniambie kipi nimpelekee mchapishaji wa tatu. Utakachosema ndicho nitakachopeleka.

Mpwa wako

24 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Sikuulizi afya leo, utaniambia mwenyewe.

Miaka arobaini sijashona kitabu kichwa chini miguu juu. Nimeanza na cha kwako. Nimekifumua, nikakisoma ulivyokipanga. Ni kizuri. Kinaishia kwangu nisipofika, na kila neno ni kweli.

Sikuwahi kukueleza. Habari kwamba dada amezidiwa ilinikuta na rundo la madaftari ya mahakama mezani, yalikuwa yamefika kwanza. Nikajiambia nimalize, kisha niende. Foleni ni foleni. Dada yangu nikamweka chini ya rundo, na nilipofika mlikuwa mmeshazika, siku tatu zimepita. Wewe ulinipokea begi, ukaniuliza habari za safari. Nilijua ipo siku utasema.

Sasa unaniuliza kipi upeleke. Mimi ndiye nisiyefaa kuamua, kwa sababu mwisho wa baiskeli unanipa nafuu. Nimelifikiria hilo wiki nzima. Lakini kitabu si changu, wala si chako sana. Ni cha dada. Kiishie kwake. Kiti usikiondoe, wala usimpunguzie yule kaka mtu hata nukta moja. Kiache pale katikati, kila msomaji akipite, akione ni kitupu, kisha ndipo amkute mama yako anakimbia.

Nimekishona tena hivyo, safari hii kwa kujua. Posta siwaamini. Nakileta mwenyewe Jumamosi, kwa basi la asubuhi. Maktaba wameleta riwaya tisa jana, ziko mezani, zimefika kwanza. Zitasubiri.

Weka kiti mlangoni.

Kaka yake mama yako