Kupitia kwa Mkuu wa Shule

Jumatatu, 6 Machi 1995
Limeisha! Andiko langu la utafiti, kurasa nane, kwa mkono wangu mwenyewe. Naomba digrii ya pili ya elimu, ile ya utafiti mtupu, Chuo Kikuu Dar. Swali langu ni moja: kwa nini mwanafunzi haelewi asubuhi darasani, halafu jioni, kwa mwalimu yuleyule, akilipia twisheni anaelewa? Nimelisoma mara tatu, kila mara najipenda zaidi. Binti wa Mayala, mchunga ng'ombe wa Magu — mtafiti!

Jonathan kalisoma huku anakula. Mume wangu anafundisha hesabu, shule moja na mimi, na twisheni yake ya mtaani Mirongo inajaa kuliko zote. Akauliza kama mada zote zimekwisha duniani hadi nimfanyie utafiti yeye. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 7 Machi
Nimepeleka kuchapwa kwa Gulbanu, mwenye duka la karatasi Nyamagana. Mama huyu anachapa huku anasoma, wala hafichi. Ukurasa wa pili akasimamisha mashine. Watoto wake wanakwenda twisheni tatu kila mmoja, na ripoti bado inamtia baba yao homa. "Mwalimu, hii andika kwa nguvu," akasema. Nikamwambia ndiyo nguvu yenyewe hiyo.

Kazi imetoka safi. Jina langu juu, herufi kubwa: TEODORA MAYALA. Nimelitazama njia nzima.

Jumatano, 8 Machi
Barua ya mtumishi wa serikali haijiendei tu chuoni. Inapitia kwa mkuu wa shule, aandike kwamba anaipendekeza, agonge muhuri. Mwisho wa maombi ni mwisho wa mwezi huu, na posta yetu naijua.

Mzee Mashimba kanipokea vizuri. Shikamoo, marahaba, kaa. Akasoma polepole. Kisha kwa upole — upole wake ndio unaoniudhi — akasema walimu wake wanaishi kwa twisheni, mshahara naujua mwenyewe. Nibadili mada. Niandike juu ya utoro, atagonga muhuri leo leo.

Nikamwambia utoro sina swali nao, Mkuu. Barua akaiweka kwenye droo.

Ijumaa, 10 Machi
Habari imeenea. Winnie wa baiolojia, rafiki yangu wa chai, kahamia meza nyingine. Nasikia naitwa mpelelezi. Imeniuma, sitaki kujidanganya. Lakini sibadili hata nukta.

Jumapili, 12 Machi
Tangu juzi Jonathan haongei nami, zaidi ya kuuliza chumvi iko wapi. Jioni hii kaomba andiko tena. Kalipitia na penseli kama daftari la mwanafunzi. Akasema mfano wangu wa hesabu, ukurasa wa tano, si sahihi. Mwalimu anayebania somo hafichi kanuni, anaruka hatua ya katikati.

Nikamwuliza anajuaje. Akasema najua anajuaje.

Nimeusahihisha.

Jumatatu, 13 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya walimu. Mkuu kaitisha kikao juu ya barua yangu, akaniomba nitoke ili watu wawe huru. Dirisha lililo juu ya kichwa changu halina kioo. Nasikia kila kitu.

Winnie kasema nitawaanika. Mwingine anaona mambo yatafika wizarani, wote wahamishwe. Sasa Mkuu anauliza nani atakubali kuhojiwa, kwa sababu kama hakuna, utafiti haupo, na barua haina haja ya kwenda popote.

 

Jonathan anaongea! Sauti yake ya darasani. Anasema, "Aanze na mimi." Hatua anazoziruka asubuhi anazijua zote, atanitajia moja moja. Mungu wangu, huyo ni mume wangu! Natamani kuingia nimshike mkono mbele yao wote. Bado naandika.

Mkuu kamwuliza kama anaelewa anachosema. Wazazi wa Mirongo wakisikia, twisheni yake itabaki na madawati matupu. Jonathan kasema anaelewa.

Mkuu anauliza kama kuna mwingine.

Kiti kimeburuzwa. Kuna mtu kasimama — wa kusema au wa kutoka, nikiwa hapa siwezi kujua.