Kidole Gumba ni Namba Moja kwa Mikono Yote Miwili

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu kabla ya lolote. U hali gani, na baba watoto, na mapacha? Je, mgongo wa kaka yangu, baba yako, umetulia, au bado anaufanya kisingizio cha kutoinua kitu? Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika kwenye ngazi, lakini yananifikisha.

Barua yako niliipata Jumatano, pamoja na karatasi uliyochora mkono wako wa kushoto, kila kidole na namba yake. Nimeibandika juu ya piano ya ukumbi wa jengo letu. Ahsante, mwanangu. Ahsante tena.

Acha nikueleze umeniokoa na nini, maana kwenye simu niliona haya. Kwaya ya hapa jengoni hukutana Jumamosi asubuhi, na tangu mpiga piano wao ahame, mimi ndiye ninayewapigia skeli, zile ngazi za noti za kupasha sauti. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto ulikuwa aibu. Mwezi uliopita fundi saa, anayeiongoza kwaya, alinivuta kando. "Mama, ukichoka tuambie. Tutatafuta mwingine, wala hatutakuwa na kinyongo." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma. Katika mji huu wote, pale tu ndipo watu huniwekea kiti kabla sijafika.

Ndipo nikakupigia simu kulalamika, nawe mwalimu wa piano ukaniuliza swali la kitoto: "Shangazi, namba moja ni kidole kipi?"

"Cha mkono gani?" nikakuuliza.

Ukacheka mpaka ukakohoa.

Usinidhanie mjinga. Kitabu changu cha skeli kilipoteza kurasa za mwanzo siku tulipokimbia nyumbani, na bila shaka picha ya mikono ilikuwa humo. Nilihesabu vidole kama ninavyosoma maandishi, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa mkono wa kulia, moja ikaangukia kidole gumba, sawasawa. Kwa wa kushoto ikaangukia kidole cha mwisho, kile kidogo. Basi kitabu kiliposema anza na tano, mimi nilianza na gumba, na vidole vikapandana kama watu wanaogombea mlango mmoja. Miaka arobaini na miwili niliamini mkono wangu wa kushoto ni mzito. Haikunijia hata siku moja kuishuku hesabu yangu.

Sasa nafanya ulivyoagiza. Kushoto naanza na kidole cha mwisho, napanda tano, nne, tatu, mbili, moja. Kisha cha kati kinavuka juu ya gumba, tatu, mbili, moja, na skeli imekwisha. Kiwiko nimekikataza kuruka. Napiga polepole, mkono mmoja mmoja, kabla ya kuiunganisha. Siku ya kwanza iliposikika bila kukwama niliinuka, nikafunga dirisha, nikalia kidogo. Uzee nao una mambo yake.

Jana nilipiga mbele yao. Mpishi wa shule, mwenye sauti nzito na ulimi mwepesi, akasema, "Leo Bibi Miwani kaja na mikono yote miwili." Wakacheka, nami nikacheka. Fundi saa akasema tu, "Sasa tuanzie re." Skeli inayoanzia noti ya re ina vidole vilevile, kwa hiyo sikuitazama karatasi.

Tulipomaliza aliniita tena kando. Nikadhani ananiaga. Akanipa ufunguo wa ukumbi, ili kila Jumamosi nitangulie kufungua. Nimepita miji mingi, mwanangu, na kote huko nilikuwa mtu wa kubisha hodi.

Nisalimie baba yako, na mama yako, wifi yangu. Mwambie shali yake imefika na naivaa sasa hivi ninapoandika. Wabusu mapacha. Mungu akulinde na wote wa nyumbani kwako, na wanafunzi wako wakuulize mapema yale ambayo mimi sikupata wa kumuuliza.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Shangazi yako, Miwani