Kwa Baba Yetu Sipho: Mafuta ya Kwanza Bila Wewe

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulipotutoka mwezi wa Mei, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yamekwisha na mikono yako bado inanukia zeituni. Sisi wanao, Happyness na Polycarp, tunakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyomtongozea Mama kule Morogoro ulipokuwa uhamishoni, ukarudi nayo Johannesburg pamoja naye.

Asante kwa shamba. Watu walikucheka ulipopanda mizeituni kwenye kile kilima cha mawe upande wa Magaliesberg, nawe ukawaacha wacheke. Asante kwa pikapu iliyopita mtaa wa Yeoville alfajiri kuwachukua wavunaji, ikageuza njiani kila mara kumfuata Marcellin, mvunaji wetu kutoka Kongo, ambaye kuamka kwake ni shughuli. Hukumfokea hata siku moja. Ulimpa chai kwanza, maneno baadaye, na mara nyingi hayo maneno uliyasahau.

Mama Hedwiga bado anaona haya akikumbuka mafuta ya kwanza kabisa. Ulikuwa umeyapata kwa taabu, chupa chache tu, ukaziweka jikoni ukaenda kuoga. Yeye akayakaangia maandazi ya wageni! Uliyala yale maandazi, ukaongeza, ukasema hujapata kula matamu kama hayo. Kesho yake ukamtilia mafuta yaliyobaki kwenye kijiko ayaonje matupu. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Sipho, haya yameharibika! Yanachoma koo!"

"Eish, Mama Happy, yakikukohoza ndiyo mazima hayo."

Akaapa hatayaonja tena bila chakula. Kazi ya kuonja ikawa yako peke yako, na hakuna aliyeona ubaya wake mpaka ulipoondoka.

Mwaka huu Mama alituambia bila kuficha: mafuta yakitoka mabovu, shamba linauzwa, maana hawezi kulitazama likifia mikononi mwake. Tukavuna zeituni zikiwa bado za kijani, kama ulivyopenda, ingawa zikivunwa hivyo mafuta huwa machache. Kreti zikajaa kinuni, na mchana ule ule umeme ukakatika.

Wewe hukukubali zeituni zilale kwenye kreti. Zikilundikana hupata joto, zikaanza kuchacha. Sisi tulisimama tunautazama mtambo. Mama hakusimama. Alitandika mikeka yote kivulini, na mikeka ilipokwisha akavua kanga yake ya juu, akawa anazimwaga na kuzitandaza kwa mikono huku akiutukana umeme kwa Kiluguru. Nasi tukamfuata.

Jua lilipoanza kushuka umeme ukarudi. Mafuta yakatoka, kijani kibichi. Marcellin akakinga kidogo kwenye kikombe chako, akampa Mama.

"Mama, tunangoja wewe. Iko muzuri ao hapana?"

Alikipasha moto kwa viganja vyake kama ulivyokuwa ukifanya. Akanusa. Akameza. Halafu akakohoa, Baba. Alikohoa mpaka akashika ukuta, na machozi yake hatukujua ni ya koo au ni yako.

"Baba Happy," akasema sauti ilipomrudia, "mazima haya."

Kisha akatugeukia. "Hatuuzi."

Asante kwa kutuachia kitu cha kushikana nacho. Chupa ya kwanza iko mezani, mbele ya kiti chako. Na usiwe na wasiwasi: maandazi ya misa yako tumeyakaangia mafuta ya alizeti.

Wanaokukumbuka kwa shukrani ni mkeo Hedwiga, sisi wanao Happyness na Polycarp, Marcellin, na wavunaji wote wa Yeoville. Hata tungetaka kukusahau, Baba, makoo yetu yangekataa.