Ufagio niliompa mama mkwe

Ijumaa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa kuna jua na udongo unanata. Sina amani.

Jumapili chama chetu kilisherehekea Befana. Sisi ni watu kama ishirini hapa Dodoma, tuliosoma Italia au kufanya kazi na Waitaliano, na sikukuu zao tunazifanya pamoja na watoto wetu. Befana ni bibi kizee anayekuja na ufagio siku ya Epifania, mapema Januari, akiwagawia watoto peremende. Kule wanampenda. Nami nilimpenda, nilipokuwa nasomea uuguzi huko.

Kila mwaka binti mmoja humwigiza, amebandika pua ya karatasi. Safari hii nikasema tuwe na bibi wa kweli. Nikamleta mama mkwe wangu, ninayeishi naye Nzuguni.

Katibu wetu, Anselmi, alinivuta pembeni. "Dada, fikiria. Mama ni mzee, macho mekundu, halafu unampa ufagio?"

"Hapa wote ni watu walioelimika," nikamjibu.

Macho ya mama yameharibiwa na moshi wa kuni. Lakini wapo wanaoona macho hayo wakasema mchawi. Hospitalini nimewahi kumshona bibi aliyekatwa mkono kwa neno hilo.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua pia kwamba mama hawezi kunikatalia jambo.

Watoto walifurahi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu baba mkwe afariki.

Jumatatu picha ya mama na ufagio ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Chini yake mtu kaandika: "Kumbe ndiye."

Tangu hapo watoto wa jirani hawaji tena kumsaidia kumenya karanga. Juzi mtoto mmoja alipata homa, mtu akauliza kama alikula peremende za bibi. Mama hajui kusoma, ila nyuso za watu anazijua. Ameacha kutoka nje.

Leo nimemfuata Mama Rehema, jirani tuliyekuwa naye kwenye sherehe, aliyeituma ile picha. Nilikwenda na hasira. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Baraka, mimi niliiona nzuri nikaituma," alisema. "Wewe uliyejua watu watasema nini, mbona hukuushika ufagio mwenyewe?"

Nikaaga, nikarudi nyumbani.

Kesho nitakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, aitishe kikao nieleze mchezo ule ulikuwa wa nini. Na kwenye kundi nitaandika kwamba wazo lilikuwa langu. Hayo nayaweza.

Jioni nilipompelekea mama chai, aliniuliza taratibu, "Mwanangu, huyo bibi wa Wazungu, watu hawamfanyi kitu?"

"Hawamfanyi kitu, mama. Wanampenda."

Akavuta kanga mabegani. "Basi ana bahati."

Alipomaliza chai, nikachukua kikombe nikatoka. Neno samahani sijamwambia mpaka sasa.