Mshiriki Namba Tisa

Jumapili, 3 Agosti 2025

Salamu kwanza. Niliishia darasa la tano, na nilichozoea kuandika ni barua, kwa hiyo naanza kama barua ingawa hakuna wa kuipokea. Baba Faidha hajambo, mgongo tu tangu tuvune mbaazi. Mama mkwe, Bi Sijaona, hajambo, masikio ndiyo yamegoma, tunaongea naye kwa mikono. Mwenzake Faidha wa chuoni, anaitwa Mabel, mtoto wa Bukoba, hajambo, ila ugali wetu wa muhogo anaumeza kama dawa. Faidha wangu hajambo. Amenenepa kidogo! Na mimi sijambo — sema roho.

Daftari kanipa Faidha. Yuko mwaka wa tatu, anasoma saikolojia, mambo ya akili na moyo wa mtu. Amesema, mama, wasiwasi wako uandike, usiubebe. Haya. Naandika.

Wamekuja kufanya utafiti wa kumalizia shahada. Faidha anahoji kina mama wa hapa Lisekese na wa Newala juu ya wasiwasi wa kulea. Nikafurahi. Wasiwasi? Si ndiyo mimi mwenyewe! Nikajifunga khanga mpya. Akanipita, akaenda kwa Mama Abuu, nyumba ya pili. Saa nzima wamekaa mkekani. Nimewachungulia nikijifanya naanika muhogo. Anamsikiliza yule mwanamke kama anasikiliza mawaidha.

Mimi nikianza kusema, ananiambia nakusikia mama — macho kwenye simu.

Jumanne, 5 Agosti

Bombani. Mama Abuu, mbele ya watu wote: "Shoga, binti yako ana masikio! Nimemwambia hata ambayo Baba Abuu hayajui. Nimelia mpaka kamasi!" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Ndoo yangu ilishajaa, maji yanamwagika miguuni, sina habari.

Jioni nikamuuliza Faidha, kwani Mama Abuu kalilia nini? Akasema ni siri ya mshiriki. Hata jina halitaji tena, ni "mshiriki namba tatu". Mama Abuu huyu anayetangaza mimba za watu kabla wenyewe hawajajua, leo ana siri! Na mwanangu ndiye anayemtunzia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia wazi. Nihoji na mimi. Akasema hairuhusiwi, mtu hamhoji mama yake mzazi, majibu hayatakuwa na ukweli, mwalimu wake atayakataa. Kasema kwa upole, ameshika bega langu. Upole wake ndio umeniuma zaidi.

Nimekumbuka unyago wake. Kwetu mama hamfundi binti yake. Unamkabidhi kwa somo, yaani kungwi wake, unabaki nyumbani unatwanga, mtu mwingine ndiye anamfungulia mwanao dunia. Alipotoka kule alikuwa akimtazama somo wake tu, mimi kama mpita njia. Nikavumilia, ni mila. Sasa na chuo nacho kina mila yake! Na mimi tena ndiye wa kukaa nje.

Baba Faidha anacheka. "Mke wangu, unalionea wivu dodoso?" Nimemwambia leo utajipakulia mwenyewe.

Kesho wanakwenda Newala.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya jambo.

Asubuhi nimemwambia Baba Faidha naenda Newala kumwangalia mtoto. Nikachukua muhogo, na dumu la maji, maana Newala maji ni shida na mwanangu anapenda kuoga. Gari likasimama njiani Chiungutwa mpaka nikachoka, watu wanapakia magunia. Kufika, Faidha hayupo, kaenda kuhoji kijiji cha mbali. Yupo Mabel peke yake, nyumbani kwa Mama Benedikto walikofikia.

Mabel naye ana utafiti wake, juu ya upweke. Nikamwuliza, na wewe umekatazwa kunihoji? Akafikiri. Akasema, hapana mama, wewe si mama yangu mimi. Basi nihoji, nikasema. Akanisomea fomu, nikatia sahihi. Akaweka simu katikati yetu inarekodi. Mimi ni mshiriki namba tisa.

Akauliza, mama, ni lini uliona upweke kuliko siku zote? Nikaanza vizuri, Kiswahili safi, habari za unyago, za yule somo. Yeye ananitazama tu, hanikatishi. Ndiyo raha yenyewe hii! Sikuwahi kuipata. Basi kifua kikafunguka, mdomo ukahama wenyewe ukaenda Kiyao, lugha ya kwetu. Nikasema yote.

Nayaandika na hapa. Faidha alipoomba vyuo aliandika namba ya simu yangu, yeye hakuwa na simu. Ujumbe ukaja: amechaguliwa ufamasia, athibitishe kabla ya tarehe fulani. Nikausoma. Nikaufuta. Nilitaka abaki mwaka mmoja, awe wangu peke yangu, hakuna somo, hakuna mwalimu. Tarehe ikapita, nafasi akapewa mwingine. Alilia siku tano, na aliyembembeleza ni mimi — mimi! Waliporudia kupokea maombi akapata saikolojia. Mpaka leo anaamini mtandao ndio ulimnyima.

Mabel hakuelewa hata neno moja la Kiyao. Alinishika mkono tu. Nikawa mwepesi kama nimetua kuni.

Halafu akazima simu, akasema, "Asante sana mama. Hiki Kiyao Faidha atanisaidia, ndiye anayenitafsiria wote."

Sikumsubiri Faidha. Nimepanda gari la kwanza. Hata dumu nimelisahau.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamerudi. Faidha kanikumbatia, mama ulikuja halafu ukakimbia? Nikasema tumbo.

Nimemkamata Mabel jikoni. Akasema, "Mama, sijui ulisema nini na sikuulizi. Faidha hajaisikia, nilikuwa nangoja ruhusa yako. Fomu inasema unaweza kujitoa wakati wowote. Ukitaka nafuta sasa hivi. Au natafuta mtafsiri mwingine, kuna mwalimu mmoja hapa, mdogo wake Mama Abuu. Au Faidha. Jumatano jioni tunafunga mizigo, niambie kabla."

Mdogo wake Mama Abuu! Bora nimeze moto.

Jumanne, 12 Agosti

Afute. Nimeamua. Afute.

Saa kumi. Simu ya Faidha imelia, mwalimu wake wa chuo. Kasimama kabisa kuipokea, kama yule mtu yuko mlangoni. "Ndiyo mama. Asante mama. Nitakueleza yote mama."

Yote. Mwalimu naye anaitwa mama, na yeye ndiye wa kuambiwa yote.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia Mabel, mpe Faidha. Akaniuliza mara mbili, una uhakika mama? Nikasema mpe upesi kabla sijageuka.

Faidha hakutaka. "Ya mama? Siwezi, siyo sawa." Mabel akasema, mwenyewe amekuchagua wewe. Faidha akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Akavaa hedifoni, akakaa barazani na karatasi zake. Mimi niko mlangoni na daftari hili.

Mwanzo alicheka kidogo. Nadhani ni pale nilipomsema somo. Akawa anaandika mbio mbio, ukurasa wa kwanza, wa pili. Dada wa watu Mabel kaondoka, kaenda bombani na ndoo, katuachia nyumba.

Sasa kalamu imesimama.

Amerudisha nyuma. Anasikiliza tena. Amerudisha tena.

Ametoa hedifoni sikio moja. Haniangalii. Anaangalia mikorosho. Bi Sijaona amepita akimuonyesha kwa mkono, utakula? Hakumuona.

Nataka kumwambia niliogopa tu. Sijui kama hiyo ni sababu. Akisema sijui mama, nitalia. Akinyamaza nitafanyaje? Aliyewasikiliza wote hawa, mimi ananinyamazia?

Ameshika karatasi, ile ya Kiyao changu. Hajaichana. Anaanza kuandika tena, pole pole, neno moja moja. Anatafsiri. Machozi yanadondokea karatasi na anaandika.

Mwanache jwangu. Mwanangu. Geuka. Nipe jibu, lolote, hata baya — ila nipe upesi