Bukari ya Ijumaa

Kolwezi, Ijumaa

Yaya Safi, dada yangu mukubwa,

Salamu zangu zikufikie kule Kalemie, wewe na batoto yako. Huku tuko wazima. Binti yangu Zena ameanza kusuka bamama nywele, na ile sufuria ulinitumia inapika vizuri.

Unakumbuka Rachid, shemeji yangu? Siku ya arobaini ya bwana yangu Musafiri, batu bakiwa bado mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu, alitupa bitu byangu inje na akanifukuza na batoto, sababu alitaka kuchimba kobalti chini ya chumba yangu. Akachimba kweli. Udongo ikamuangukia, macho yake ikakufa. Sasa anaomba ku mulango ya musikiti.

Kila Ijumaa mi namupelekea bukari, ugali yetu ya mihogo, na sombe ya majani yake, ya moto. Bamama banasema mi Mwamini niko na roho muzuri. Sisemi kitu, asitambue sauti yangu. Anakula, halafu ananibariki: "Mama, Mungu akulindie nyumba yako."

Wiki saba nimemeza ile baraka kama mufupa, Yaya. Leo imenishinda. Nikamujibu: "Nyumba gani, shemeji?"

Mukono yake ikasimama mu sahani. Tonge ikaanguka. Akaanza kulia, akatafuta miguu yangu ashike. Nikasogea nyuma.

"Kula," nikamuambia. "Ijumaa nitarudia. Na sasa utajua ni bukari ya nani."

Ukipata mutu anakuja huku, unitumie bunga ya mihogo. Sitaki Rachid akose hata Ijumaa moja.

Mudogo yako,
Mwamini