Mitamba Wanaonuka Nyati

Engaresero,
Agosti 1983

Nareyu mpenzi,

Mimi mzima, ila vumbi la ziwani linaniwasha macho na kiatu changu cha kushoto kimeachama. Jana nilimzuia mwindaji mmoja kumpiga risasi nyati jike mwenye ndama. Akanionyesha leseni, nikamwambia hiyo ni ya dume. Alinuna mpaka kambini.

Barua yako nimeipata. Kumbe baba yako amewatangazia wazee wa Endulen kwamba binti yake haolewi na Ndorobo, mtu asiye na ng'ombe anayeishi kwa wanyama wa porini! Sawa. Ni kweli, mimi ni askari wa wanyamapori. Wawindaji wanalipia leseni, serikali inanilipa mshahara, nami nawafukuza majangili. Sioni haya, na kazi siachi.

Jumamosi nakuja, tena siji mikono mitupu. Naswaga mitamba niliowanunua mnadani kwa mshahara huohuo. Mwambie baba yako awanuse mmoja mmoja. Atakayenuka nyati, amrudishe.

Ni mimi Ndorobo wako,
Sironka